Mawe Kumi na Sita Mbele ya Uwanja wa Olimpia

Safari yangu ya Ugiriki ilitokana na ubishi wa wazee wawili. Mzee Nassor, kafili wangu, yaani mwajiri anayenidhamini hapa Saudia, alifundisha michezo katika shule za wavulana za Riyadh kwa zaidi ya miaka thelathini, na hata sasa akiwa amestaafu hawezi kuona watoto wakikimbia bila kuwapigia kelele wanyooshe migongo. Siku moja mwalimu mwenzake wa zamani alimtembelea, wakaanza kubishana kuhusu wakimbiaji wa Olimpia ya kale. Je, walikuwa wakizunguka uwanja kama wa leo, au walikwenda moja kwa moja kisha wakarudi? Mgeni alishika la kuzunguka. Mzee Nassor alishika la kwenda na kurudi. Walibishana mpaka kahawa ikapoa, na mgeni alipoondoka mimi ndiye niliyeitwa.

“Kibet, paspoti yako ingali hai?”

“Iko sawa, bosi.”

“Basi jitayarishe. Tukipata viza tunakwenda kuutazama uwanja wenyewe, tuone nani mwongo.”

Mzee Nassor ni mtoto wa Unguja. Wazazi wake walimleta Saudia mwaka 1964 akiwa na miaka kumi na miwili, na Kiswahili chake bado kiko huko huko Unguja. Mimi ni Mkenya wa Kapsowar, niliyekuja kuendesha malori ya maghala ya Al-Sulay kabla mzee hajanichukua kuwa dereva wa nyumbani kwake. Kwa hiyo garini tunaongea Kiswahili, yeye cha kwake na mimi cha kwangu, na kila mmoja wetu ana hakika kwamba mwenzake ndiye anayekiharibu.

Alikuwa na sababu nyingine ya kunichukua mimi na si mmoja wa wanawe. Alijua kwamba zamani nilikuwa mkimbiaji wa mita elfu tano, nimeanza kutajwatajwa, na kwamba niliacha kwa sababu ya goti. Aliwasimulia wageni wake habari hiyo kwa fahari. Kwa miaka sita hakuniruhusu kubeba gunia la mchele, na kila baridi ikianza aliniletea chupa ya mafuta ya kuchua. Nami nilichua. Goti langu halijawahi kuuma hata siku moja.

Habari ya goti niliitunga mwenyewe, na ingeendelea kunifaa kama si dada yangu Jemutai. Ana miaka ishirini na miwili, anakimbia vizuri kuliko nilivyowahi kukimbia mimi, na yuko katika kambi ile ile niliyokuwa mimi, chini ya kocha yule yule. Jumatatu, siku moja kabla ya sisi kuondoka, alinitumia ujumbe wa sauti.

“Bro, habari ya huko. Kuna daktari fulani coach ameleta hapa camp. Jumamosi anakuja tena na sindano, anasema lazima tudungwe kabla ya race za Europe. Nikauliza ni za nini, coach akaniambia hata brother yako alidungwa na hakukufa. Ni ukweli?”

Ilikuwa kweli. Nilidungwa dawa ya kuongeza nguvu mara mbili, dawa iliyokatazwa michezoni, nikashinda mbio ambazo picha yake mama ameitundika sebuleni mpaka leo. Nikamwandikia Jemutai: usikubali hata kidogo. Jibu likaja kabla sijaweka simu mfukoni. “Sijakuuliza nikubali ama nikatae. Nimekuuliza kama wewe ulidungwa.” Nikaizima simu, nikaenda kuosha gari. Nilikuwa na siku tano za kumjibu kabla daktari hajarudi, na sikujua ningeanzia wapi.

Jumanne, saa kumi na moja alfajiri, tuliondoka Riyadh kwa gari. Watoto wa mzee walimsihi apande ndege moja kwa moja mpaka Athene, akakataa, kwa sababu alitaka kwanza kumuaga dada yake aliyeko Jeddah. Ni mwendo wa kutwa nzima. Jangwa la njia ile si mchanga mtupu kama mnavyoliona kwenye picha. Kuna mawe meusi, kuna vichaka vya miiba na ngamia wasio na haraka, na kuna vituo vya mafuta ambako chai ya maziwa ni tamu kupita kiasi. Mzee akishuka kusali, mimi hukaa kwenye kivuli cha gari nikaimaliza yangu na yake. Kila kituo alirudi na swali lile lile.

“Goti vipi na kukaa kitako kutwa?”

“Mafi mushkila, bosi. Hakuna shida.”

“Linyooshe, linyooshe. Usijifanye kijana.”

Nikalinyoosha.

Tulipoikaribia Makka, barabara iligawanyika. Moja inaingia mji mtakatifu, nyingine inauzunguka kwa ajili yetu tusio Waislamu. Mzee angeweza kabisa kuchukua teksi, akapita mjini akasali, tukakutana Jeddah. Nilimwambia hivyo, akanitazama kana kwamba nimemtukana.

“Nikuache peke yako njiani? Mie na weye safari yetu moja. Yalla, zunguka.”

Tukazunguka. Ni safari ndefu ile, na nilikuwa na nafasi ya kufikiri. Mzee huyu alikuwa mwema kwangu kwa sababu ya mtu aliyedhani ananijua, na wema wake ukaanza kunilemea.

Saa moja jioni tulifika Al-Nuzha, Jeddah, nyumbani kwa Bi Salma, dada yake mzee. Hewa ya Jeddah ina unyevu, ukitoka Riyadh unahisi umevishwa taulo bichi. Bi Salma alitukaribisha kwa mkate wa kumimina na samaki wa kupaka, akakaa kututazama tunavyokula, akitaka kuelewa.

“Kwani mwendea nini huko? Mawe?”

“Uwanja,” mzee alisema.

“Uwanja wa mawe. Na haya ya hapa yana kasoro gani?”

“Ya hapa hayakukimbiwa, Salma.”

Bi Salma akanigeukia mimi. “Mwanangu, mwangalie kaka yangu asijitie kukimbia. Atataka, mie namjua.” Nikaahidi. Akaniuliza hali za nyumbani, nikasema wazima wote, na dada yangu anaendelea na mbio. “Mashallah,” akasema, “amefuata nyayo zako.” Samaki alikuwa mtamu, lakini sikuweza kummaliza.

Jumatano asubuhi tulipanda ndege mpaka Athene, tukakodi gari pale uwanja wa ndege. Mzee alikaa mbele na ramani ya karatasi mapajani, ingawa simu ilikuwa inatuelekeza kwa sauti. Kila baada ya muda mfupi kuna kibanda cha kulipia barabara, na madereva wa Kigiriki wanakupita wakiwa wanaongea na kuvuta sigara kwa pamoja. Tulisimama Korintho kuutazama mfereji wa meli. Nilidhani nitaona mto. Ni mlima uliokatwa wima toka juu mpaka chini, na meli inapita huko shimoni ikiwa ndogo kiasi kwamba mzee aliinama kwenye ukingo mpaka nikamshika mkanda.

“Wameukata kama mkate,” alisema. “Na hakuna hata kombo.”

Baada ya hapo bahari ilitufuata upande wa kulia saa nzima na zaidi, na kila mahali kulikuwa na mizeituni. Nilikuwa nadhani mzeituni ni mti mkubwa kwa jinsi unavyotajwatajwa katika Biblia. Kumbe mingi ni mifupi, imejikunja, na majani yake ni ya kijivu upande mmoja. Mzee alitaka kujua kwa nini mshindi wa Olimpia alipewa taji la majani ya mti huo na si dhahabu. Nikasema labda dhahabu ilikuwa imewaishia. Alinicheka maili nzima.

Jioni tuliingia kijiji cha Olimpia, kilicho karibu kabisa na magofu. Nyumba yetu ya wageni ilikuwa ya mama mmoja wa makamo aitwaye Eleni, mwenye leseni ya kuongoza wageni, na sauti ya mtu aliyezoea kuongea juu ya kelele za mabasi ya watalii. Alitupikia maharage makubwa na samaki wa kuchoma. Anajua Kiingereza. Cha mzee ni cha kusalimiana tu, kwa hiyo kazi ya kutafsiri ikawa yangu.

“Mwambie weye ulikuwa mkimbiaji,” mzee aliniamuru kabla sijamega mkate. “Mwambie na habari ya goti.”

Nikamwambia. Eleni akashika shavu kwa huruma. Hivyo uongo wangu ukaingia Ulaya.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, tulikuwa wa kwanza langoni. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na majani yalikuwa bado na maji. Unavuka kijito, halafu unaingia kwenye bonde la miti na mawe lililo kimya kabisa. Nilitazamia kuona kitu kama uwanja wa mpira. Kumbe Olimpia ilikuwa mahali pa ibada kwanza, na michezo ilikuwa sehemu ya sikukuu ya mungu wao mkuu, Zeu. Hakuna mtu aliyeishi pale isipokuwa makuhani na watumishi. Watu walikuja kila mwaka wa nne, wakalala kwenye mahema, wakachinja ng'ombe, wakatazama mbio, wakaenda zao.

Mzee alikuwa na maswali kuliko watoto wa shule. Katika ukumbi wa mieleka, ambako nguzo nyembamba zimesimama mraba kuzunguka uwanja wa majani, alitaka kujua walijipaka mafuta gani, mchanga ulitoka wapi, na je, mwalimu alikuwa na fimbo? Eleni akasema alikuwa nayo. Mzee akafurahi mno. Aliposikia kwamba walicheza uchi wote, akaniambia hilo niliache hapo hapo, nisije nikamhadithia Bi Salma.

Hekalu la Zeu liliangushwa na matetemeko ya ardhi. Nguzo zake zimelala vipande vipande pale zilipoangukia, kila kipande kinanizidi kimo, na vimepangana kama tango lililokatwa. Ndani yake palikuwa na sanamu ya dhahabu na pembe za ndovu iliyogusa dari. “Imekwenda wapi?” mzee aliuliza. Eleni akasema inadhaniwa ilichukuliwa ikaja kuungua moto mbali na pale. Mzee akatikisa kichwa, sijui kwa kusikitika au kwa kuridhika, kwa kuwa yeye na masanamu hawapatani.

Karibu na hapo Eleni alituonyesha jengo la baraza lililobaki misingi tu. Hapo wanamichezo walikula kiapo mbele ya vipande vya nyama ya nguruwe dume, kwamba hawatafanya hila yoyote. Walioapa hawakuwa wakimbiaji peke yao. Baba zao waliapa pia, na makocha, na ndugu zao wa kiume.

“Ndugu anaapa cha nini?” mzee aliuliza. “Yeye hakimbii.”

Eleni akajibu kwamba ushindi uliinua nyumba nzima, kwa hiyo nyumba nzima ilibeba kiapo. Nikatafsiri hilo bila kukosea neno. Simu ilikuwa mfukoni, na Jemutai alikuwa hajaandika tena tangu Jumatatu.

Saa nne hivi tuliifikia njia ya kuelekea uwanjani. Upande wa kushoto, chini ya ngazi ndefu, kuna mawe yamepangwa mstari mmoja, ya kijivu, mengine yakinifika kiunoni. Nikayahesabu: kumi na sita. Juu ya baadhi yake kuna mashimo ambamo miguu ya sanamu za shaba ilishikizwa. Sanamu hazipo siku nyingi. Nilidhani yalikuwa mawe ya mashujaa.

“Ni ya walaghai,” Eleni alisema.

Mtu aliyekamatwa akihonga wapinzani alitozwa faini, na faini hiyo ikatumika kutengeneza sanamu ya Zeu. Chini yake wakaandika jina la mkosaji, na habari yake, na onyo kwamba Olimpia mtu hushinda kwa miguu na nguvu za mwili, si kwa fedha. Sanamu hizo ziliwekwa hapo makusudi, ili kila mwanamichezo apite mbele yake kabla ya kuingia uwanjani. Mzee alikuwa anapiga fimbo yake chini kwa furaha kila nilipotafsiri sentensi.

“Ahsante! Hivi ndivyo! Ningekuwa na mawe haya shuleni kwangu, wallahi, wasingeniibia mbio hata siku moja.”

Eleni akaendelea. Bondia mmoja aliwahonga wapinzani watatu. Mzazi mmoja alimhonga mzazi mwenziwe ili mwanawe ashinde mieleka, wakatozwa wao wazazi. Nikatafsiri. Kisha akasema kuna mmoja ambaye yeye humfikiria kila akipita hapo. Alisema maneno mengi, mikono ikipanda na kushuka. Nami nikamgeukia mzee.

“Na mwingine alitoka Misri, bosi. Hakupigana.”

“Basi?”

“Basi.”

Mzee akanitazama kwa jicho la mwalimu. “Mama wa watu kasema dakika nzima, weye wanipa ‘hakupigana’? Kibet, hebu nipe yote.”

Nikampa yote. Alikuwa mpiganaji kutoka Aleksandria. Hakumhonga mtu, hakumdhuru mtu. Siku moja kabla ya pambano lake aliwaogopa wapinzani wake, akatoroka. Wakamtoza faini kwa woga, na yasemekana katika mamia ya miaka ya Olimpia ni yeye peke yake aliyeadhibiwa kwa kosa hilo. Nilipofika kwenye neno woga sauti ikanikatika.

“Unalia weye?”

“Ni vumbi, bosi.”

“Vumbi lipi, na mvua ya usiku?”

Eleni, ambaye hakujua Kiswahili lakini alijua kutazama watu, akasogea mpaka kwenye mti akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Nikamwambia mzee, “Bosi, goti langu halijawahi kuumia.” Kwanza aliliangalia goti lenyewe. Halafu nikamweleza kila kitu. Nilidungwa mara mbili. Asubuhi moja, tukinywa chai kambini, niliona kupitia dirisha la jikoni gari la watu wa kupima damu likiingia. Nilitoka mlango wa nyuma, nikaruka ua, nikapita kwenye mahindi mpaka barabarani, na sikurudi tena. Wenzangu walibaki, wakapimwa. Wawili walifungiwa kushiriki mbio, wakarudi kwao na aibu mbele ya watu. Mimi niliwaambia watu goti, na jina langu likabaki safi. Nikamweleza na habari ya Jemutai, na ya sindano za Jumamosi.

Mzee alikita fimbo yake chini.

“Miaka sita,” alisema.

“Ndiyo, bosi.”

“Nnakununulia mafuta.”

“Ndiyo.”

“Na watu msikitini n'shawahadithia! Dereva wangu, dereva wangu! Kumbe nimekuwa mtangazaji wa uwongo wako!” Akaninyooshea fimbo. “Na dada yako kakuuliza tangu Jumatatu, ukakaa kimya, ukanywa na chai yangu?”

Nikaigusa simu mfukoni.

“Halas, basi. Nipishe.”

Akaenda zake peke yake kuelekea uwanjani, akapita chini ya tao la mawe lililobaki la njia ile. Nilibaki mimi na mawe yangu kumi na sita. Iliniuma kuliko nilivyotarajia, kwa sababu alikuwa na haki. Nikaitoa simu, nikampigia Jemutai. Alipokea mara moja.

“Ni ukweli,” nikamwambia. “Nilidungwa mara mbili. Hakukuwa na goti. Watu wa kupima walikuja nikaruka ua, nikatoroka.”

Nilisikia kuku kwa nyuma, na mtu akicheka mbali.

“Na hukuambia mtu?” aliuliza.

“Sikuambia mtu. Hata mama.”

“Sasa ulitokaje, Kibet? I mean, ulitokaje kabisa? Ukaacha kuogopa lini?”

“Sijaacha.”

Kisha akasema polepole, “Mimi nimeshadungwa moja. Ni wiki mbili sasa. Hii ya Jumamosi ni ya pili. Nilikuuliza juu nilitaka kujua vile mtu hutoka.”

Nilikaa chini, pale kwenye majani yenye maji. Nilijiandaa siku tatu kukiri, na sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Dada yangu alitafuta mtu wa kumwonyesha njia ya kutokea, na mtu pekee aliyewahi kutoka alikuwa mimi, na mimi sikuwa na njia ila ua wa nyuma. Nikamwambia hivyo hivyo. Nikamwambia njia yangu asiifuate, kwa sababu nimekaa ndani yake miaka kumi. Akasema, “Sawa. Wacha nifikirie.” Akakata.

Nilipopita chini ya tao nikauona uwanja. Ni kitu rahisi sana: ardhi ndefu iliyonyooka, na kingo za majani pande zote ambako watu walikaa chini kutazama. Hakuna viti ila vichache vya mawe vya waamuzi. Kila mwisho kuna mstari wa mawe uliochongwa mifereji miwili ya kushikia vidole vya miguu. Nilikanyaga hapo nikavua kiatu ili nijue, na vidole vikaingia barabara kabisa. Jiwe lilikuwa baridi. Mamia ya watu walishika hapo hapo, wakisubiri kuanza.

Mzee Nassor alikuwa mbali, mwisho wa pili, akirudi kwa fimbo yake huku akihesabu hatua kwa sauti. Nilimkumbuka Bi Salma, lakini alikuwa hakimbii, anatembea tu. Alipofika aliketi kwenye ukingo akapumua.

“Moja kwa moja,” alisema. “Hakuna kona hata moja. Huwezi kuzunguka hapa ukitaka usitake. Yule mwenzangu Riyadh ni mwongo.”

“Hongera, bosi.”

“Na weye mwongo.” Akafuta uso kwa ncha ya kilemba. “Lakini yeye hatokiri. Ushampigia dada yako?”

Nikamweleza. Aliposikia kwamba Jemutai alikwisha kudungwa, alishika kichwa, akasema maneno ya Kiarabu ya kumwombea. Tulikaa hapo. Kundi la watalii liliingia, wakapiga picha, wakatoka.

“Inuka,” mzee alisema mwishoni. “Goti zima. Nenda mpaka kule, geuka, urudi. Nataka nione walivyokuwa wakifanya.”

Nina miaka thelathini na sita, na tumbo la udereva. Nilivua viatu vyote viwili, nikaweka vidole kwenye mfereji wa jiwe, na mzee akapiga makofi kama bastola ya kuanzia. Nilikimbia. Robo ya kwanza miguu ilijikumbuka yenyewe, robo ya pili mapafu yakaanza kunishtaki, na wakati wa kurudi nilikuwa nahema vibaya. Mzee alinipigia kelele ninyooshe mgongo. Nilikuwa sijakimbia mbele ya mtu tangu nilipotoroka, na nilifurahi mpaka nikaona haya.

Ijumaa tulirudi Athene, tukaruka mpaka Jeddah, na Jumamosi tukashika barabara ya Riyadh. Tuliizunguka Makka tena. Mzee hakuwa amenisamehe sawasawa. Alikuwa ananijibu kwa mkato, na kwenye vituo hakuuliza chochote kuhusu afya yangu. Lakini chai yake alinipa, na alipotoka kusali kila mara aliuliza kama dada amepiga. Hakuwa amepiga.

Nyinyi mlio nyumbani mtataka kujua nimerudi na nini. Nimejua kwamba wakimbiaji wa kale walikwenda moja kwa moja na kurudi, na mzee amepima kwa miguu yake. Nimejua pia kwamba uongo wangu haukuwa wangu peke yangu. Nilikuwa nikijiambia kwamba sikumdhuru mtu, nilitoroka tu. Lakini kama ningesema miaka ile kwa nini nilitoka, hakuna mzazi kwetu angempeleka binti yake kwa kocha yule, na Jemutai asingefika mbele ya sindano.

Jumapili saa tatu asubuhi, Riyadh, nilikuwa nafungua boneti ya gari kutazama maji simu ilipolia.

“Niko nyumbani,” Jemutai alisema. “Jana wakati wa chai, kabla daktari afike, nilisimama nikawaambia wasichana wote kile nimedungwa, na kwa nini naenda. Coach alikuwa hapo. Nikachukua bag yangu nikapita gate, mchana, watu wakiniangalia.”

“Na sasa?”

“Nitaenda kwa watu wa kupima nijiseme. Wanaweza kunifungia. Wacha wanifungie.”

Niliegemea gari. Nikamuuliza amemwambia mama nini.

“Nimemwambia yangu yote. Yako sijasema. Alikuulizia, nikamwambia utamwambia mwenyewe.” Akavuta pumzi. “Ako hapa kando yangu. Nampatia simu.”

Nilitaka kusema ngoja. Nikasikia simu ikipokezwa mkono kwa mkono, na kiti kikivutwa.

“Kibet,” mama alisema. “Nimeketi. Sema.”

Nikasema.